Mzazi asiposema, barabara itasema: kuhusu kitabu cha Sandra Uwiringiyimana



Kitabu ninachotaka kuzungumzia kilinifikia mwaka jana ndani ya begi la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kigoma na boti. Alinitumia binti wa mjomba wangu anayeishi Kentucky, Marekani. Kinaitwa How Dare the Sun Rise. Kimeandikwa na Sandra Uwiringiyimana pamoja na mwandishi wa habari Abigail Pesta, na kilitoka mwaka 2017. Siku nilipokipata nilifanya jambo ambalo leo naona aibu kulisema: nilichana ukurasa wa kalenda ya zamani nikafunika jalada. Sikuogopa kichafuke. Jina lililo juu ya jalada ni la Kinyamulenge, na mimi ni Mubembe, nakaa kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, mahali ambapo kila mtu anajua habari za kila mtu. Sikutaka maswali.

Nimekisoma mara mbili. Sasa kile kikaratasi cha kalenda nimekitoa, na nataka niwaeleze kwa nini. Wengi mtakifungua mkitafuta siasa ya Minembwe. Hamtakosa kitu, lakini mtapita kando ya kitabu chenyewe. Kwangu mimi hiki ni kitabu juu ya swali dogo la kila siku, "wewe ni wa wapi?", juu ya anayeliuliza na anayeulizwa, na juu ya mambo ambayo wazazi hawayasemi nyumbani mpaka mtoto anaenda kuyasikia barabarani.

Habari yenyewe ni hii. Sandra alizaliwa mwaka 1994 katika Kivu yetu ya Kusini, akakulia Uvira. Mwaka 2004, akiwa na miaka kumi, familia yake ilikimbia vurugu ikavuka mpaka na kuingia kambi ya Gatumba, upande wa Burundi. Ninyi mliosoma Uvira mnajua kwamba Gatumba ni jirani kabisa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ilishambuliwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, na kati yao wanawake na watoto wengi. Kundi la FNL la Burundi lilijitangaza lenyewe kuwa ndilo lililofanya. Katika waliokufa alikuwemo mdogo wake Sandra, Deborah, mwenye miaka sita. Mwaka 2007 familia ilipokelewa Marekani, ikapelekwa mji wa Rochester, jimbo la New York.

Watu wanaozungumzia kitabu hiki wanapenda kubaki Gatumba. Mimi naona kurasa za Rochester ndizo zilizokuwa ngumu zaidi kuziandika, na ndizo zinazotuhusu zaidi sisi wenye ndugu kule. Vita ina kelele, msomaji anashituka hata kama mwandishi hana ufundi. Lakini utaandika namna gani juu ya msichana anayeingia chumba cha shule, hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, na bado anatoka mule akiwa mtu mwingine?

Sandra anaweza. Anaonyesha kwamba Marekani ilimpa jina ambalo hakuwa nalo: mweusi. Fikirini kidogo. Hapa Lweba hakuna anayeamka asubuhi akiwa mweusi. Tunaamka tukiwa Babembe, Bafuliiru, Babuyu, Banyamulenge. Tukiwa wavuvi, walimu, watu wa kanisa fulani, watoto wa mzee fulani. Weusi hauonekani kwa sababu uko kwa kila mtu. Kule Rochester unakuwa kitu cha kwanza watu wanachokiona. Na hata hapo hapatulii: wanafunzi weupe wanamhesabu katika weusi, wanafunzi weusi wanamwona Mwafrika, mgeni mwenye lafudhi na nguo za ajabu. Anatafuta meza ya kukaa.

Binti wa mjomba alinitumia odio moja siku alipojua kwamba nimeanza kusoma. Naiandika kama alivyosema: "Kaka, huku asubui naamuka niko mutoto ya baba. Nikipanda bus, niko mweusi. Nikifungula kinywa, niko Mwafrika. Nikirudi nyumbani, baba ananiambia niko Mubembe, nisijifananishe na bale ba mu barabara. Siku moja watu ine, na mi niko moja tu." Nilipofika kurasa hizo za Rochester niliona kwamba kitabu kizima kiko ndani ya odio hiyo.

Sasa niseme juu ya mjomba, maana bila yeye hamtaelewa nini naona katika kitabu hiki. Alikimbia Fizi mwaka 1996 akiwa kijana, akapita ziwa, akaishi kambi ya Nyarugusu karibu miaka ishirini. Watoto wake wamezaliwa kambini. Mwaka 2016 walipata ndege. Si peke yao: mwaka ule Wakongomani ndio walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine zote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Ni mtu mpole, anaomba Mungu, anatuma pesa mtu akifiwa. Na ana msimamo mmoja ambao hautikisiki: "Sisi tulikuja na karatasi za UNHCR. Bale weusi ba kule bana maneno yao na Wazungu ya tangu utumwa. Hayatuangalie."

Ninamwelewa. Mtu aliyeitwa mukimbizi miaka ishirini hataki tena jina lingine la kubeba. Lakini hayo maneno yanamhusu, na yalimhusu hata kabla hajapanda ndege. Mpaka mwaka 1965 sheria ya Marekani iligawa nafasi za wahamiaji kwa kupendelea watu wa Ulaya. Ilibadilishwa katika miaka ileile ambayo weusi wa kule walikuwa wanapigwa na kufungwa wakidai haki zao, miaka iliyoleta sheria ya haki za kiraia ya 1964 na sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Mlango ambao mjomba aliingilia ulisukumwa na watu anaowaambia watoto wake wasifanane nao. Sandra mwenyewe anafika kwenye ufahamu huo polepole, kwa kusoma, kwa kuuliza, kwa kukosea. Kitabu hakimfichi akiwa bado hajui, na hilo nalipenda. Mwandishi mwingine angejifanya alijua tangu siku ya kwanza.

Kuna kitu kingine ambacho weusi wa Marekani wanacho na sisi hatuna. Kwa vizazi vingi wazazi wao wamekuwa wakiwakalisha watoto chini na kuwaeleza: polisi akikusimamisha fanya hivi, mikono iweke hapa, usikimbie. James Baldwin aliandika barua kwa mtoto wa ndugu yake, ikatoka katika The Fire Next Time mwaka 1963. Miaka hamsini na miwili baadaye, mwaka 2015, Ta-Nehisi Coates akaandika kitabu kizima, Between the World and Me, kama barua kwa mwanawe. Mmoja baba mkubwa, mwingine baba mzazi, na kazi ni ileile: kumwambia mtoto ukweli kabla barabara haijamwambia. Ni huzuni kwamba maneno hayo yanahitajika bado. Lakini ni urithi.

Mjomba ana urithi wake, nao ni wa kweli. Anajua namna ya kupita barieri ya wanajeshi: shusha sauti, mwite "chef", usimwangalie sana machoni, toa kitu kidogo, na mambo yakiharibika, kimbia porini. Elimu hiyo ilimfikisha Nyarugusu akiwa hai. Katika barabara ya Marekani elimu hiyohiyo inaweza kumuua mtoto wake.

Mnakumbuka jina la Patrick Lyoya. Alikuwa Mkongomani mwenzetu, miaka 26, aliyefika Marekani na familia yake mwaka 2014 kama wakimbizi. Tarehe 4 Aprili 2022, asubuhi, polisi alimsimamisha Grand Rapids, jimbo la Michigan, kwa sababu ya namba ya gari ambayo haikulingana na gari. Patrick alitoka nje ya gari, akaondoka mbio, wakakamatana, na mwisho akiwa amelala kifudifudi polisi akampiga risasi kichwani kwa nyuma. Wazazi wake walipozungumza na waandishi wa habari walizungumza Kiswahili, mtu mwingine akitafsiri. Sisi hapa tulisikia bila mtafsiri. Baba alisema kwamba walikimbia vita wakidhani wamefika mahali pa usalama. Yule polisi alishitakiwa. Mwezi Mei 2025 wazee wa baraza walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashitaka akatangaza kwamba hatarudia kesi.

Siku ile karatasi za UNHCR hazikuonekana kwenye uso wa Patrick. Sisemi kwamba wazazi wake hawakumfunza. Siwajui, na aibu ya kifo kile si yao. Nasema kwamba mjomba wangu, baada ya kuona ile video, alizima simu na hakuzungumza na watoto wake juu yake. Siku tatu katika nyumba ile hakuna aliyetaja. Binti yake ndiye aliniambia.

Ukimya huo ndio Sandra anauandika vizuri kuliko mambo yote. Nyumbani kwao Rochester kifo cha Deborah hakizungumzwi. Kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza. Mama ana majeraha yake mwilini, baba ana kazi, watoto wana shule, na katikati ya chumba kuna mtoto wa miaka sita ambaye hakuna anayemtaja. Ni baadaye, msichana akiwa mkubwa na masomo ya chuo yanaanza kumshinda, ndipo anaona kwamba kunyamaza hakukumlinda mtu. Mahali anapowakabili wazazi wake na kutaka wazungumze ndipo kitabu kinasimama kwa miguu yake. Mtu hahitaji kujua ramani ya Kivu ili aelewe ukurasa huo.

Ukimya wa namna hiyo umeandikwa pia na mtu wa lugha yetu, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake The Last Gift, ya mwaka 2011, inahusu baba anayeitwa Abbas, aliyekuwa baharia, akatua Uingereza na kuoa Maryam, mwanamke aliyetupwa akiwa mtoto mchanga na hawajui wazazi wake. Wana watoto wawili, Hanna na Jamal, waliozaliwa huko. Baba hajawahi kuwaambia ametoka wapi hasa. Ni ugonjwa unapomwangusha ndipo anaanza kufungua kinywa, na kinachotoka ni aibu: aliacha mke mwenye mimba Zanzibar na kukimbia. Hanna anapenda kuitwa Anna. Anapendana na Mwingereza mweupe, anakaribishwa kula kwa wazazi wa kijana, na mezani, kwa tabasamu, anaulizwa asili yake. Akisema ni Mwingereza, jibu halitoshi. Na jibu jingine hana, kwa sababu baba hakumpa.

Nikiwaweka pamoja waandishi hawa wawili, naona mambo matatu. Kwanza, Gurnah ni fundi mkubwa zaidi, hilo halina ubishi, lakini ana uhuru wa riwaya. Anaweza kuingia ndani ya kichwa cha baba na kutuonyesha uoga wake. Sandra ana mama na baba wa kweli, walio hai, na hawezi kusema kwa niaba yao. Pili, ukimya wa Abbas unamlinda Abbas. Ukimya wa nyumba ya Sandra unataka kuwalinda watoto. Hiyo ni tofauti kubwa, na heshima yangu kwa wazazi wa Sandra inatoka hapo. Tatu, mwisho wake ni uleule. Mtoto anafika mezani kwa watu, anaulizwa, na mfuko wake ni mtupu. Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kule ng'ambo ulimwengu huo una sare ya polisi, au una tabasamu la mezani.

Hapa ningeweza kumaliza, mkanipongeza, tukaenda kulala. Wazungu wabaya, wazazi wanyamavu, watoto wenye shida. Lakini kuna kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, mdogo wake yule binti, ambaye hakuniacha nimalize.

Kijana huyu mlinzi wa duka alimfuata kati ya rafu mpaka kwenye mlango, kisha akamuuliza anatoka wapi. Akasema anatoka hapahapa mjini. "Hapana, kabisa kabisa?" Akanielezea yote hayo kwa hasira, mimi nikamtumia odio ndefu juu ya kitabu cha Sandra, juu ya dada mmoja wa Kivu aliyepitia mambo hayo. Yeye, aliyezaliwa Nyarugusu na hajawahi kukanyaga Fizi, akanijibu kwa sentensi moja: "Kaka, na sisi kule Fizi tunabaulizaka Banyamulenge vile vile, ao?"

Sikujibu siku mbili.

Nilikuwa nakumbuka. Nikiwa mwanafunzi wa sekondari, kulikuwa na mwenzetu mmoja darasani, Munyamulenge, kijana mrefu, hodari wa hesabu. Siku moja mwalimu alichelewa. Mimi, kwa kutaka kuchekesha, nikamuuliza kwa sauti: "Wewe ni wa wapi kabisa?" Akasema: Bijombo. Nikamuuliza: "Na mbele ya Bijombo?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka, hakukasirika pia. Alifungua daftari lake akaanza kuandika kitu. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni. Sijui kwa nini, na sitajipa umuhimu wa kusema ni kwa sababu yangu. Lakini niliposoma juu ya Anna ameketi mezani, sikujiona katika Anna. Nilijiona katika wale waliokuwa wanamkaribisha chakula.

Swali hilo si mchezo wa darasani tu. Limeandikwa katika sheria, huku na kule. Ndugu wanasheria mtanisahihisha. Mwaka 1972 Mobutu aliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria mpya ikageuza: ukitaka uraia onyesha kwamba wazee wako walikuwemo ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu ana karatasi ya 1885? Hata mimi Mubembe sina. Ni kwamba tu hakuna aliyeniomba. Mpaka sheria ya Novemba 2004 ndipo tarehe ikasogezwa mpaka uhuru. Na mwaka uleule wa 1981, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake ya uraia, iliyoanza kutumika Januari 1983, na kuzaliwa Uingereza peke yake kukawa hakutoshi tena kuwa Mwingereza. Mwaka 2018 nchi ile ikaaibika ilipojulikana kwamba wazee weusi waliotoka visiwa vya Karibi, watu wa kizazi cha meli Windrush iliyotia nanga 1948, walikuwa wananyimwa kazi na matibabu, wengine kufungwa na kufukuzwa, kwa kukosa karatasi za kuonyesha wanakaa kihalali katika nchi waliyoijenga. Wazee hao waliingia wakiwa watoto wadogo, wakasoma, wakalipa kodi, wakazeeka. Kisha mtu mmoja katika ofisi akawauliza: wewe ni wa wapi kabisa?

Najua mtu atasema: na Makobola? Ni haki yake kuuliza. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, wapiganaji wa RCD na washirika wao waliua mamia ya raia Makobola, hapa katika territoire yetu ya Fizi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeyaandika, na hakuna aliyehukumiwa. Mama yangu alimpoteza dada yake mkubwa kule, pamoja na watoto. Kwa hiyo siandiki kama mtu ambaye vita ilimpita mbali. Na tangu 2017 huko juu, Hauts Plateaux, vijiji vya kila upande vimechomwa: vya Banyamulenge, vya Babembe, vya Bafuliiru, vya Banyindu. Wote wanashuka na magodoro kichwani.

Lakini Deborah hakuwepo Makobola. Mwaka ule alikuwa bado mtoto mchanga. Maiti wa miaka sita halipi deni la maiti mwingine. Tukifanya hesabu hiyo, hata Patrick Lyoya tutamkosa, maana polisi naye anaweza kusema anaogopa watu wanaofanana naye kwa sababu ya mwingine aliyefanya kitu. Ubaguzi wote, wa Grand Rapids, wa London, wa hapa Fizi, unatumia hesabu hiyo moja.

Kitabu kina kasoro, na mhakiki asiyetaja kasoro anafanya matangazo. Kiliandikwa kwanza kwa vijana wa Marekani, kwa hiyo kinaelezaeleza. Mambo ambayo mtoto wa Uvira angeyaelewa kwa neno moja yanapewa aya nzima, na mambo ambayo sisi tungetaka maelezo, kwa mfano majirani wa familia hiyo Uvira waliishi nao namna gani siku za kawaida, yanapita haraka. Majirani tunabaki vivuli. Ningetaka kumwona hata mmoja wetu aliye na jina, mbaya au mzuri. Tena kadiri mwisho unavyokaribia, maneno yanaanza kufanana na hotuba ya jukwaani. Ninahisi mchapaji alitaka msomaji afunge kitabu akiwa na matumaini. Sandra wa katikati ya kitabu, anayeuliza bila kupata jibu, ananishawishi zaidi kuliko Sandra wa mwisho.

Kwa upande mwingine, sentensi zake ni fupi na safi. Mwanafunzi wa mwaka wa tano sekondari mwenye kamusi anaweza kukifuata. Kwa wale mnaofundisha Kiingereza na mnalia kwamba hakuna vitabu vinavyowagusa wanafunzi, hiki hapa.

Nimalize na mama. Jioni moja alikuwa anachambua ndagala, mimi nimekaa karibu na kitabu. Akaniuliza nasoma nini kila siku. Nikafikiri nimdanganye. Kisha nikaanza kumtafsiria kwa Kibembe ile sehemu ya Gatumba, taratibu, nikiruka yaliyo makali. Jina la mwandishi nilimwambia tangu mwanzo. Hakusema kitu. Mikono iliendelea na ndagala. Nilipofika kwa Deborah akauliza: "Alikuwa na miaka ngapi?" Nikamwambia sita. Akanyamaza. Kisha akasema: "Wa dada yangu, yule mudogo, alikuwa na tano." Halafu akanitajia jina lake. Nina zaidi ya miaka thelathini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina la mtoto yule. Alinieleza nguo aliyopenda, na namna alivyokuwa anakataa kuoga. Tulikaa mpaka giza likaingia.

Mama hakusema kwamba amesamehe mtu, na mimi sikumwomba. Lakini kitabu cha Munyamulenge kutoka Rochester ndicho kilichomfanya Mubembe wa Lweba amwambie mwanawe habari za Makobola, zisizo na "wao" na "sisi", zenye mtoto tu asiyependa kuoga. Nilikuwa nimekua na neno Makobola kama jiwe la kurusha. Sikuwa nimewahi kupewa watu wa ndani yake.

Usiku ule nilimjibu yule kijana wa Kentucky. Nilimwambia: "Ndiyo, tunabaulizaka. Na mi mwenyewe niliuliza." Nikamweleza juu ya darasa lile, juu ya Bijombo na "mbele ya Bijombo". Kisha nikamwambia aende kwa baba yake siku ambayo hana kazi ya usiku, akae chini, amuulize juu ya 1996, na amuulize pia alifikiri nini alipoona video ya Patrick. Asikubali ajibiwe "hayatuangalie".

Alinijibu kesho yake: baba amesema atazungumza Jumapili, baada ya kanisa. Nangojea.